Utupa, heroini bandia na ugonjwa wa Parkinson

Mwaka 1982, madaktari wa San Jose, California, waliletewa mgonjwa aliyekakamaa mwili mzima. Hakusema wala kusogea. Alipowekewa penseli mkononi, aliandika polepole sana kwamba viungo vyake havimtii. Kumbe akili ilikuwa timamu.

Daktari William Langston na wenzake wakapata wagonjwa wengine wa aina hiyo. Dalili zao zilikuwa za Parkinson, ugonjwa unaowapata zaidi wazee, ilhali wao hawakuwa wazee. Wote walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyopikwa kwa siri. Mpishi alikuwa amekosea, akazalisha kemikali iitwayo MPTP.

Ikifika kwenye ubongo, MPTP hugeuka sumu inayovamia seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza viungo. Humo hushambulia mitokondria, vinu vidogo ambavyo kwa kutumia oksijeni huchoma chakula ili seli ipate nishati. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Seli za dopamini, zenye matawi mengi mno ya kulisha, ndizo huelemewa mapema. Zikikatiwa nishati hufa, na mwili hauwezi kuzifidia.

Mwaka 1989, watafiti wa London walichunguza ubongo wa marehemu waliougua Parkinson bila kugusa heroini hiyo. Wakakuta mitambo ya mitokondria imedhoofika palepale ambapo sumu ya California hupiga. Baadaye ikajulikana kwamba jeni mbili, PINK1 na parkin, ambazo zikiharibika huleta Parkinson ya ujanani, kazi yake ni kusaidia seli kuondoa mitokondria mbovu.

Sumu nyingine ya njia hiyohiyo tunaishi nayo. Wavuvi wa Afrika Mashariki wamezoea kuponda majani ya mmea wa utupa na kuyamwaga mtoni au bwawani. Punde samaki hulewa na kuelea. Oksijeni ipo majini, ila seli zao zimeshindwa kuitumia, kwa kuwa utupa una rotenoni na sumu za jamii yake, ambazo hufunga mitokondria. Mwaka 2000, watafiti wa Atlanta waliwapa panya rotenoni kwa wiki kadhaa, nao wakapata dalili kama za Parkinson. Mwaka 2011, utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa watumiaji wa dawa ya kuua wadudu yenye rotenoni, au paraquat, dawa ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson mkubwa mara 2.5 hivi kuliko wa wengine.

Wauzaji wa vidonge vya "kuongeza nguvu za seli" wasikudanganye. Koenzaimu Q10, iliyotarajiwa kuokoa mitokondria, ilijaribiwa kwa mamia ya wagonjwa, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha haikuwasaidia.

Mkulima, vaa glavu na barakoa unaponyunyiza dawa, hata ile ya mitishamba. Nanyi wenye wazee nyumbani, mkono ukianza kutetemeka ukiwa umetulia, au mwendo ukiwa wa kuburuta miguu, msisingizie uzee wala uchawi. Mpelekeni mzee hospitali. Dawa iitwayo levodopa haiponyi Parkinson, lakini humwezesha mgonjwa kutembea na kujilisha mwenyewe kwa miaka mingi.