Gata Gani Inaifaa Nyumba Yako? Amua Kabla ya Kutuma Pesa

Mvua za Oktoba zikikaribia, fundi hupiga simu: "Boss, tuma pesa ya gata nianze kazi." Kabla hujaweka PIN, muulize: gata ya aina gani? Bei zinatofautiana sana, na nyumba nazo hazifanani.

Kwa nyumba ya kawaida ya mabati kule mashambani, gata ya bati iliyokunjwa na fundi inatosha kabisa. Kati ya ile ya mraba na ya nusu duara, sisi tungechukua nusu duara, kwa sababu majani hayakwami kwenye kona na kuisafisha ni rahisi. Na usilidharau hilo paa! Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la mita mraba 60 likinyeshewa milimita 20 linakupa karibu lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Hiyo ni kama mitungi 60 ya maji ambayo hukununua. Lakini gata ikikaa bila mteremko, maji yanatuama, bati linashika kutu na mbu wanapata makao ya bure. Sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye tangi inatosha.

Pwani, chumvi ya bahari hula bati haraka, kwa hivyo heri plastiki ya PVC au alumini.

Kwa nyumba ya kifahari yenye paa la vigae, alumini isiyo na maungo, yenye rangi ya ukingo wa paa, inapendeza na haivuji ovyo. Kazi iko kwa paa lililofichwa nyuma ya ukuta, mtindo unaopendwa sana siku hizi. Gata iko ndani. Ikiziba, maji yanaingia kwenye dari. Kama umeupenda mtindo huo, dai gata pana na tundu la dharura la kutoa maji nje ukutani. Hapo usibane pesa.

Sasa malipo. Vifaa vilipie moja kwa moja kwa till ya hadiwea, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Fundi mlipe kwa awamu, ya mwisho ikiwa baada ya kumwaga ndoo kadhaa za maji juu na kuona yanafika kwenye tangi. Usifute ujumbe wa malipo: gata ikianza kuvuja Desemba, ndio utakaoonyesha ulimlipa nani, lini, na pesa ngapi.