Kuhesabu Sentensi kwa Tarakilishi: Je, Kipimo cha Kiingereza Kinaifaa Insha ya Kiswahili?

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika insha ya muhula au tasnifu siku hizi hana haja ya kuhesabu maneno yake kwa ncha ya kalamu. Zipo tovuti chungu nzima ambamo mtu hubandika andiko lake na, kufumba na kufumbua, akapewa idadi ya herufi, maneno, sentensi na aya, wastani wa maneno katika kila sentensi, na aghalabu alama inayodai kueleza iwapo andiko hilo ni jepesi au gumu kusomeka. Nyingi ya tovuti hizo zilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza. Hata hivyo, hazimkatazi mtu kubandika Kiswahili, wala hazimpi onyo lolote. Hapo ndipo penye utata. Mwandishi wa Kiswahili sanifu na chepesi huambiwa na mashine kwamba kazi yake ni ngumu kupita kiasi. Naye, kwa kuwa tarakimu zina haiba ya ukweli, huanza kuikatakata kazi ambayo haikuwa na dosari. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hizo zinavyofanywa, mahali zinapopotoka zikikutana na Kiswahili, na manufaa ambayo mwanafunzi anaweza kuyapata licha ya upotofu huo.

Sentensi machoni pa mashine

Mwanaisimu huitambua sentensi kwa muundo wake: ina kiima na kiarifu, ni sahili, ambatano au changamano. Tarakilishi haijui lolote kati ya hayo isipokuwa imefunzwa. Programu za kawaida za kuhesabu sentensi hutafuta alama tatu tu, yaani nukta, alama ya kuuliza na alama ya hisi, kisha zikachukulia kwamba kila ilipo alama mojawapo, sentensi imekoma.

Tuchukue mfano mmoja: “Bw. Juma alinunua unga, sukari, chumvi n.k. kisha akarudi nyumbani saa 2.30 usiku.” Msomaji yeyote atakubali kwamba hii ni sentensi moja yenye maneno 13. Programu inayohesabu kila nukta itaona sentensi 5, maana nukta ziko tano: moja baada ya “Bw”, mbili katika “n.k.”, moja katikati ya saa na moja mwishoni. Programu yenye uangalifu kidogo, inayodai nukta ifuatwe na nafasi au mwisho wa andiko, itapata 3. Ile inayodai nafasi hiyo ifuatwe na herufi kubwa itapata 2, kwa kuwa “Bw.” hufuatwa na jina la mtu, na jina la mtu huanza kwa herufi kubwa. Wastani wa urefu wa sentensi utakuwa maneno 2.6, au 4.3, au 6.5, ilhali jibu sahihi ni 13. Kosa hili si la kupuuzwa. Insha za kitaaluma zimejaa “Dkt.”, “Prof.”, “k.v.”, “k.m.” na “taz.”, na programu iliyopewa orodha ya vifupisho vya Kiingereza haivitambui hivi vyetu. Mtu anaweza kuwa na sentensi ndefu za kuchosha na mashine ikampongeza kwa ufupi wake.

Upande wa pili nao una mitego. Vichwa vya sura, orodha zisizo na nukta na mishororo ya shairi humezwa pamoja na kuwa sentensi moja kubwa. Mazungumzo katika riwaya na tamthilia huzua swali ambalo hata wanaisimu hawalijibu kwa sauti moja: “Utarudi lini?” mama akauliza. Je, hiyo ni sentensi moja au mbili? Mashine hujibu bila kusita, na jibu lake hutegemea tu kama herufi inayofuata alama ya kuuliza ni ndogo au kubwa.

Alama ya usomekaji na silabi zetu

Kuhesabu nukta ni jambo dogo likilinganishwa na ile alama ya urahisi wa kusoma. Kanuni inayotumiwa zaidi ilitolewa na Rudolf Flesch mwaka wa 1948. Flesch alizaliwa Austria akahamia Marekani, na shabaha yake ilikuwa kuwahimiza waandishi wa Kiingereza waandike kwa lugha nyepesi. Kanuni yake huanza na 206.835, hutoa wastani wa maneno kwa sentensi uliozidishwa kwa 1.015, kisha hutoa wastani wa silabi kwa neno uliozidishwa kwa 84.6. Andiko la Kiingereza cha kawaida hupata kati ya 60 na 70, na kadiri alama inavyopanda ndivyo andiko linavyosemekana kuwa rahisi. Mwaka wa 1975 J. Peter Kincaid na wenzake, wakifanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, waliigeuza kanuni hiyo ili itoe kidato cha shule badala ya alama. Kanuni zote mbili zina msingi mmoja: sentensi ndefu ni ngumu, na neno lenye silabi nyingi ni gumu.

Msingi huo una mantiki katika Kiingereza, ambamo maneno ya nyumbani aghalabu ni ya silabi moja na yale ya kitaaluma, mengi yakiwa na asili ya Kilatini na Kigiriki, ni marefu. Katika Kiswahili mambo hayako hivyo hata kidogo. Sentensi “Mtoto anasoma kitabu” ni ya darasa la kwanza. Ina maneno 3 na silabi 10: m-to-to, a-na-so-ma, ki-ta-bu. Ikipitishwa katika kanuni ya Flesch hupata alama ya 78 chini ya sifuri. Kwa kanuni ya Kincaid, msomaji wake angehitaji takriban miaka 25 ya masomo. Sentensi ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo, ikiwa na maneno 6 na silabi 7, hupata alama 102. Mtoto ni yule yule na kitabu ni kile kile; kilichobadilika ni lugha tu.

Sababu yake haiko mbali. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno “hawatakupikia” limebeba ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati ujao, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio, vyote ndani ya silabi saba. Mwingereza huhitaji maneno sita yaliyotengana ili aseme hayo. Kwa kipimo cha Flesch, urefu wa neno hilo ni ushahidi wa ugumu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hata mtoto aliyenuniwa na dada zake jikoni, neno hilo halina ugumu wowote. Isitoshe, neno moja kama “hatukumwelewa” ni sentensi kamili. Mwandishi wa vitabu vya watoto akiwekewa sharti kwamba sentensi zake zisizidi maneno matano, sharti hilo halitamzuia kumtwika msomaji mchanga mzigo wa viambishi usiomstahili. Na akiwekewa sharti la silabi, atanyimwa vitenzi vya kawaida vinavyosemwa kila siku nyumbani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba programu hizo hata silabi zenyewe hazizihesabu sawasawa. Nyingi hutumia kanuni za mkato zilizotungwa kwa Kiingereza: kundi la irabu zilizoandamana huwa silabi moja, na “e” iliyo mwishoni mwa neno huachwa kwa kudhaniwa haitamkwi. Kwa hiyo “kaa” huwa silabi moja badala ya mbili, “aua” huwa moja badala ya tatu, na “pete” huwa moja badala ya mbili. Ile “m” ya “mtoto” haionekani kabisa. Hata kwa upungufu huo sentensi ya mtoto na kitabu ingebaki na silabi 9 na kupata alama ya 50 chini ya sifuri, kwa hiyo kosa la kuhesabu haliiokoi.

Hesabu hii si ngeni kwa Waswahili. Washairi walikuwa wakihesabu silabi karne nyingi kabla ya tarakilishi kuundwa, nao waliziita mizani. Utenzi una mizani 8 katika mshororo. Shairi la tarbia la kawaida lina 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na katika umbo hilo alitunga Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840). Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kwamba kila irabu ni mizani, na kwamba “m” ya “mtu” ni mizani pia ingawa haina irabu. Kanuni hiyo ni nyepesi mno kiasi kwamba mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi anaweza kuiandikia programu kwa alasiri moja. Atakwama mahali pamoja. Neno “mbuni” likiwa na maana ya ndege yule mkubwa asiyeruka lina mizani mbili, mbu-ni. Likiwa na maana ya mti wa kahawa, au mtu anayebuni jambo, lina mizani tatu, m-bu-ni. Vivyo hivyo “mbaya” katika “nyumba mbaya” ni mizani mbili, na katika “mtu mbaya” ni tatu. Tahajia haitofautishi. Ni ngeli na muktadha ndivyo hutofautisha, na mashine isiyojua ngeli haina budi kubahatisha.

Utajiri wa msamiati ni kipimo kingine kinachoyumba. Programu hugawanya idadi ya maneno tofauti kwa idadi ya maneno yote. “Ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma” huhesabiwa kuwa maneno sita tofauti, na mwandishi akasifiwa kwa msamiati mpana ilhali katumia mzizi mmoja. Ili kupata hesabu ya kuaminika, programu lazima ivue neno viambishi vyake kwanza. Kazi hiyo imekwisha kufanywa: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kuunda mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili katika miaka ya 1980, na kutokana na juhudi hizo ukapatikana mkusanyiko wa matini za Kiswahili wenye mamilioni ya maneno yaliyoainishwa kisarufi. Ni ajabu kidogo kwamba mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret huikimbilia tovuti ya Kiingereza na kuupita mkusanyiko huo.

Kinachofaa katika hesabu hizi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuhesabu sentensi ni mbinu yenye historia ya heshima katika uchunguzi wa mtindo. Mwaka wa 1939 G. Udny Yule, mwanatakwimu Mwingereza, alichapisha utafiti juu ya urefu wa sentensi kama alama ya mtindo wa mwandishi. Lakini mfano unaofunza zaidi ni wa zile insha 85 za kuitetea katiba ya Marekani, zilizotolewa mwaka wa 1787 na 1788 kwa jina la kupanga. Umiliki wa insha 12 kati ya hizo uligombaniwa baina ya Alexander Hamilton na James Madison. Frederick Mosteller na mwenzake walipohesabu urefu wa sentensi za waandishi hao mwaka wa 1941, walipata wastani wa maneno 34.55 kwa mmoja na 34.59 kwa mwingine. Wastani haukufichua lolote. Ufumbuzi ulikuja katika kitabu alichokitoa pamoja na David Wallace mwaka wa 1964, ambamo walihesabu maneno madogo yasiyotiliwa maanani na mtu, kama vile “upon”, ambalo Hamilton alilitumia mara kwa mara na Madison akalikwepa. Insha zilizogombaniwa zilielekea kwa Madison.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba wastani pekee haumwambii mengi. Na atazame mtawanyiko wa urefu, pamoja na vile vineno vidogo anavyoviandika bila kufikiri. Mathalani, “amba-”. Tazama sentensi hii: “Mwandishi ambaye alizaliwa katika kijiji ambacho kilikuwa na shule ambayo haikuwa na vitabu ambavyo vingemfaa alianza kuandika akiwa mtoto.” Ina maneno 19, idadi ambayo tovuti nyingi haziwezi kuilalamikia. Hata hivyo inamchosha msomaji, kwa sababu kiima kimetengwa na kitenzi chake kwa vishazi vinne vilivyoning’inizwa kimoja juu ya kingine. Ikiandikwa, “Mwandishi alizaliwa kijijini. Shule ya hapo haikuwa na vitabu vya kumfaa, lakini alianza kuandika akiwa mtoto,” maneno hupungua hadi 16 na pumzi hurudi. Kutafuta “amba” katika sura nzima ya tasnifu huchukua sekunde chache, na huenda kukamfaa mwandishi kuliko alama yoyote ya Flesch. Ndivyo ilivyo kwa “kwa hivyo”, “ni dhahiri kwamba” na “katika hali ya”, misemo ambayo humea katika insha za wanafunzi kama kwekwe shambani.

Limesalia suala la usiri, ambalo halizungumziwi vya kutosha. Andiko linalobandikwa katika tovuti mara nyingi hutumwa kwenye tarakilishi ya mwenye tovuti, na masharti ya kulihifadhi au kutolihifadhi hutofautiana. Mwenye tasnifu iliyo na mahojiano ya watu walioahidiwa kutotajwa hana ruhusa ya kuyatoa hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inahusu taarifa za watu kama hao. Programu ya kuandikia iliyomo ndani ya tarakilishi, k.v. LibreOffice Writer, huhesabu maneno na herufi bila kuhitaji intaneti. Sentensi zinaweza kuhesabiwa humo humo kwa kutafuta nukta, alama za kuuliza na za hisi, kisha kuondoa kwa mkono zile nukta za “Bw.”, “Dkt.” na “n.k.”, kwa sura ya kurasa ishirini, kazi hiyo haimalizi saa moja.