Tairi la Bei Rahisi ni Lipi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Msikilizaji, katika miaka niliyokaa mbele ya kipaza sauti, iko sentensi moja niliyoisoma mara nyingi hata naweza kuisoma nikiwa nimefumba macho. Sentensi yenyewe ni hii: chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi, ndipo dereva akashindwa kulimudu gari, likaacha njia na kupinduka. Nikishaisoma huvuta pumzi, nikaendelea na habari za michezo. Siku zote nilidhani sentensi ile inaeleza jambo. Siku hizi nadhani hailielezi hata kidogo. Tairi lililopasuka lilinunuliwa na mtu, siku fulani, kwa bei fulani, na mtu huyo alikuwa na sababu zake.

Sababu hizo nazifahamu, maana mtu huyo nimewahi kuwa mimi mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Ada za shule zilikuwa mezani, kodi ya nyumba ilikuwa mlangoni, na gari langu, sedani ndogo ya Kijapani niliyoinunua ikiwa mtumba kama yalivyo magari mengi ya jiji hili la Dar es Salaam, lilikuwa limebakiwa na matairi mawili vipara. Nikaenda kwenye banda moja, ambalo sitalitaja, nikaonyeshwa matairi mawili ya mtumba, meusi yanayong'aa, yenye meno marefu ya kupendeza. Muuzaji akaniambia, "Mzee wangu, hii ni Japani yenyewe. Ukifunga hii unasahau habari ya tairi." Nikalipa, nikasahau kweli.

Juma la tatu tulikuwa njiani kwenda Morogoro msibani. Saa nane za mchana, jua linawaka, tumekwisha kupita Ubena Zomozi, tairi la nyuma la kushoto likaachia. Gari lilizunguka hadi likatazama kule tulikotoka. Lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali, nalo likawahi kusimama. Ndani alikuwamo mke wangu, binti yetu wa miaka kumi, na mama yangu mzazi, ambaye hakusema neno lolote mpaka tulipofika Morogoro.

Fundi tairi wa kando ya barabara aliyetusaidia alilipindua tairi lile, akaniuliza, "Mzee, hili umelinunua wapi?" Kisha akanionyesha mambo mawili ubavuni mwake. La kwanza ni neno STUDLESS. La pili ni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu kama kidonge: 0809.

Tuanze na tarakimu hizo, kwa sababu ndizo zenye faida kubwa kuliko maneno yote ya muuzaji. Kila tairi la gari hupigwa mhuri wa tarehe ya kuzaliwa kwake kiwandani. Tangu mwaka 2000 mhuri huo una tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili za mwisho zikiwa ni mwaka. Kwa hiyo 0809 maana yake ni wiki ya nane ya mwaka 2009. Tairi langu "jipya" lilikuwa na miaka kumi na miwili. Lilimzidi umri binti yangu.

Je, umri wa tairi una madhara gani, iwapo meno yake bado ni marefu? Watu wengi hukosea hapa, nami nilikuwa mmoja wao. Mpira wa tairi huzeeka hata kama gari halitembei. Jua, joto na hewa yenyewe huukausha, ukapoteza unyumbufu, nyufa ndogo zikaanza ubavuni na katikati ya meno. Mbaya zaidi ni kule ndani, ambako nyuzi za chuma zimeshikana na mpira. Ule mshikamano hulegea polepole bila ya mtu kuona. Kisha siku moja gari limejaa watu, lami inaunguza, mwendo ni mkubwa, na tabaka la juu linabanduka lote kama ganda la ndizi. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lichunguzwe kwa makini kila mwaka likishafikisha miaka mitano, na likifika kumi liondolewe hata kama linaonekana zima. Sisi wa pwani, wenye joto la mwaka mzima, tuna kila sababu ya kutoisubiri hiyo kumi.

Jihadhari: mhuri wa tarehe mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi. Ukiona ubavu mmoja hauna, geuza. Muuzaji akikataa usigeuze, mwachie bidhaa yake. Tena usidhani kwamba shauri hili ni la mtumba peke yake. Lipo tairi jipya kabisa, halijawahi kugusa barabara, lakini limekaa miaka minne likianikwa juani mbele ya duka kama mbuzi wa sadaka.

Sasa hilo neno STUDLESS. Kule Japani, hasa mikoa ya kaskazini, theluji huanguka kila mwaka, na wenye magari hubadilisha matairi majira ya baridi. Hayo ya baridi hutengenezwa kwa mpira laini ili yashike barafu, na meno yake yamejaa michirizi midogo midogo kama iliyokatwa kwa wembe. Yakiletwa huku yanavutia macho, kwa sababu mara nyingi yametumika miezi michache tu kwa mwaka na meno bado yapo. Lakini mpira uliopikwa kwa ajili ya barafu, ukiuweka kwenye lami ya Chalinze saa nane za mchana, hulegea na kulika upesi, na gari linayumba kwenye kona. Ukiliona neno hilo, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, hilo tairi si la kwetu.

Baada ya safari ile nilikwenda kuuliza mafundi na wauzaji waaminifu, nao wapo wengi tu pale Gerezani na Ilala, jinsi mtu mwenye fedha kidogo anavyopaswa kununua. Jibu la kwanza lilinishangaza: acha kuuliza bei ya tairi, uliza bei ya kilomita. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme tairi jipya la chapa isiyo na jina kubwa ni shilingi 120,000, nalo litakwenda kilomita 40,000. Hiyo ni shilingi 3 kwa kilomita. Tuseme la mtumba ni shilingi 50,000, lakini limebakiza kilomita 12,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 4 kwa kilomita, na bado hujalipa mara tatu gharama za kufungua na kufunga, na hujahesabu muda wako. Bei za dukani kwako zitakuwa nyingine, ila hesabu ni hiyo hiyo. Ndiyo kusema maskini ndiye anayenunua tairi ghali, kwa kuwa hana shilingi 120,000 kwa mkupuo. Hilo nalielewa, wala simcheki mtu.

Basi kama fedha inatosha matairi mawili mapya tu, nunua mawili. Kwa maoni yangu, tairi jipya la chapa ya kawaida, lenye tarehe ya karibuni na uwezo unaolingana na gari, ni bora kuliko kongwe lenye jina maarufu. Na hayo mawili ufunge nyuma. Naam, nyuma. Najua mafundi wengi watabisha, watasema gari linavuta mbele, mpya ziende mbele. Lakini fikiri mvua za masika zimenyesha na barabara ina maji. Matairi ya mbele yakiteleza, gari huenda moja kwa moja, dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anaachia mafuta, linamrudia. Ya nyuma yakiteleza, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanashauri hivyo hivyo, na mimi niliyezungushwa pale Ubena sihitaji kushawishiwa. Wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne mna shauri lenu: matairi yote manne yalingane kwa ukubwa na kwa kulika, vinginevyo gia za kati ndizo zitakazolipa.

Uwezo unaolingana na gari unaupataje? Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Utakuta maandishi kama 185/65R15 88H. Tairi lina upana wa milimita 185, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, ringi ni inchi 15. Hayo wauzaji wote wanayajua. Wanaloliruka ni lile la mwisho. Namba 88 maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 560, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo hatuna pa kuukimbilia. Uzito ndio wetu. Gari dogo lenye watu watano, magunia mawili ya mchele na ndizi za mjomba juu yake limekwisha karibia mpaka wake. Na wenye vipanya na magari ya mizigo midogo, ninyi someni herufi C inayofuata ukubwa wa ringi, kama katika 195R15C. Tairi la namna hiyo lina ubavu mgumu, na hubeba hata kilo 900 na zaidi. Kulifunga tairi la sedani kwenye gari la abiria kwa sababu tu limeingia kwenye ringi ni kuwacheza shere watu waliolipa nauli.

Pengine hata hayo mawili mapya hayawezekani mwezi huu, na mtumba hauepukiki. Basi nunua kwa macho yako. Tazama kwanza ndani ya tairi kabla ya nje, kwa tochi ya simu. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mkwaruzo uliozunguka duara zima, tairi hilo liliwahi kuendeshwa bila upepo, na ubavu wake umekwisha kuumia. Kiraka kimoja katikati ya uso si neno. Kiraka ubavuni, kataa. Pitisha kiganja ubavuni kote. Ukihisi uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Chukua njiti ya kiberiti, itumbukize katika mfereji wa meno: kichwa cha njiti kisipozama chote, lililobaki ni dogo mno kwa mvua. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha milimita 1.6, na ndani ya mfereji vimo vituta vidogo vinavyoonyesha kiwango hicho. Yule weusi unaong'aa ni dawa ya kupaka, usiuhesabu.

Kuhusu kuchonga tairi kipara ili lipate meno mapya, nitasema maneno machache. Meno hayo yanachongwa kutoka katika mpira unaofunika nyuzi za chuma. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. La gari dogo likichongwa limebakiwa na ngozi tu. Usilichanganye na tairi lililovikwa uso mpya kiwandani, ambayo ni kazi halali. Hata ndege huruka na matairi ya namna hiyo.

Wazee wetu wa barabarani hupenda kukumbuka General Tyre ya Arusha, iliyosimamisha uzalishaji mwaka 2009. Walikuwa wakinunua tairi lililotoka kiwandani juzi. Sisi tunanunua lililovuka bahari, likakaa bandarini, likakaa ghalani, ndipo likatufikia. Kusoma tarehe kumekuwa kazi yetu wenyewe.

Liko jambo moja la bure kabisa, nalo ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto linalolipasua. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kile kile kibandiko cha mlangoni. Usipunguze upepo baada ya safari ndefu kwa kuona umezidi. Ni joto, utashuka wenyewe. Na kabla ya kufunga tairi jipya soma lile la zamani. Likiwa limelika kingo zote mbili, ulikuwa ukienda na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, ulizidisha. Likiwa limelika upande mmoja, peleka gari kwenye alaimenti kwanza, la sivyo shilingi zako 120,000 zitalika upande huo huo.

Jumamosi iliyopita, wakati nikiandaa mazungumzo haya, nilifungua buti nikalitoa tairi la akiba. Ni lile jembamba la kuazima, lisilotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, ambalo upepo wake unapaswa kuwa 60. Nikapima. Mshale ukasimama kwenye 20. Nikalisogeza mwangani, nikatafuta zile tarakimu nne, na kesho yake asubuhi nikalipeleka kwa fundi.