Sanaa ya Kupanga Kurasa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako korosho ndiyo tegemeo la wakulima wengi na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI husimamia minada ya mazao, karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ghala ina uzito usiolingana na umbo lake, kwa kuwa ndiyo inayomwarifu mkulima siku ya mnada, mahali pake na bei iliyopatikana. Na mtu aliyekwenda mwendo mrefu juani ili kuisoma anastahili kuikuta imepangwa kwa utaratibu utakaompa habari yake bila ya kumtaabisha macho. Ndiyo maana naihesabu sanaa ya kupanga kurasa kuwa ni adabu kwa msomaji kabla ya kuwa pambo.

Zamani kazi hii ilikuwa miliki ya mafundi wachache. Ndanda, kwenye abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1906, kuna kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimefika mbali. Na katika enzi za herufi za risasi, fundi wa uchapaji alijenga kila mstari kwa mkono. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani, iliyojiita kwa jina la mchapaji mashuhuri wa Venice, Aldus Manutius, ilitoa programu ya PageMaker, na kazi ya chumba kizima ikahamia juu ya meza moja. Zikafuata QuarkXPress mwaka 1987 na InDesign mwaka 1999. Kijana asiye na fedha za leseni anayo Scribus, ambayo ni ya bure, na ikishapakiwa katika kompyuta haidai intaneti.

Tofauti ya programu hizi na zile za kuchapia barua ni kwamba hapa maandishi hukaa ndani ya visanduku vinavyoweza kuunganishwa, hata maneno yakizidi kisanduku cha kwanza humiminika yenyewe katika cha pili. Mwanafunzi aanze kwa hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Akiacha pambizo ya milimita 20 kila upande, na milimita 6 kati ya safu mbili, kila safu itapata milimita 82. Kisha auweke kila mtindo, wa kichwa cha habari na wa aya, mara moja tu, ili akibadili ukubwa wa herufi mahali pamoja, ubadilike katika kurasa zote.

Lakini lipo jambo ambalo masomo yaliyotungwa kwa lugha za kigeni hayamwambii mwanafunzi, nalo ni urefu wa maneno yetu. Neno kama «wanaoishughulikia», likipangwa kwa herufi za kiasi katika safu nyembamba ya milimita 53, huchukua zaidi ya nusu ya mstari. Na mpangaji akilazimisha kingo zote mbili zilingane, programu hutawanya maneno yaliyobaki, na mianya mipana huonekana katikati ya aya. Afadhali safu iwe pana, au ukingo wa kulia uachwe huru. Akitaka kulikata neno, silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu, basi na alikate baada ya irabu: «wanaoi-shughulikia», wala asiiachie programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza, kwani itakata ilipopendezwa yenyewe. Na ng' ya ng'ombe isitenganishwe kamwe.

Picha nazo zina masharti yake. Iliyopitia WhatsApp aghalabu imekwisha kupunguzwa, na ijapokuwa yang'aa katika simu, hufifia karatasini. Kazi ya kuchapishwa vizuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Kazi ikitumwa kwa mchapaji wa Mtwara au Dar es Salaam, ihifadhiwe kwa PDF pamoja na fonti zake, isije ikafika imebadilika sura.

Nanyi mnaofundisha kompyuta, na wenye maduka ya steshenari mnaowapokea vijana kujifunza kazi, wapeni kwanza tangazo la mnada walipange kwa fonti moja, na tarehe isomeke kutoka hatua tatu. Kadi ya harusi yenye maua na dhahabu na iwe somo la baadaye.