Kazi ya Mtunza Divai

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za kazi moja ya hotelini ambayo vijana wengi huidharau kwa kuwa hawaijui. Ni kazi ya mtu anayetunza divai na kuwaandalia wageni mezani. Wafaransa humwita someliye. Sisi tutamwita mtunza divai. Huenda mmoja wenu akauliza, Je, yafaa mwalimu kufundisha mambo ya ulevi? La, hatufundishi ulevi. Mtunza divai mwema ni mtu wa kiasi. Akiwa kazini huionja divai kisha huitema, maana mlevi hawezi kupambanua ladha.

Mwaka 1969, mjini London, ulifanywa kwa mara ya kwanza mtihani wa kupata daraja ya juu ya kazi hii. Mtihani huo wafanywa hata leo, nao una sehemu tatu: elimu, kuonja, na kuandaa. Natuzifuate moja moja.

Kwanza, elimu. Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Chachu hula sukari iliyomo na kuigeuza kuwa kileo, kama tembo la mnazi lichachukavyo. Maji ya zabibu nyingi, hata zile nyeusi, hayana wekundu; wekundu hutoka katika maganda. Kwa hiyo divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake, na nyeupe hukamuliwa maganda yakatengwa mapema. Katika maganda na kokwa ndimo utokamo ule ukakasi unaokausha ulimi, kama mtu aliyekula bibo la mkorosho. Tena, mwaka ulioandikwa katika karatasi ya chupa ni mwaka wa mavuno. Ulaya mizabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma, nchini Tanzania, huvunwa mara mbili.

Pili, kuonja. Mtunza divai hutazama rangi kwanza, kisha hunusa, ndipo aonje. Pua ndiyo mwalimu mkubwa. Iko harufu moja ambayo hana budi kuijua, nayo ni harufu ya kuvu, kama karatasi nene iliyolowa maji. Wataalamu wa Uswisi, Hans Tanner na wenzake, waligundua kitu kinacholeta harufu hiyo, ambacho aghalabu hutoka katika kizibo cha gamba la mti. Nguvu yake ni ya ajabu: gramu tano katika lita bilioni moja zaweza kutambulikana na mwenye pua njema. Divai hiyo haimdhuru mtu, lakini imekwisha kuharibika, wala haifai kuuzwa.

Tatu, kuandaa. Divai nyeupe yataka baridi, kadiri ya digrii 8 hata 12 za Selsiasi. Nyekundu, digrii 15 hata 18. Wako wasemao kwamba nyekundu huandaliwa kwa joto la chumbani. Neno hilo lilitoka katika nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha Mombasa huweza kufika digrii 30, basi huko hata chupa ya nyekundu yapasa kupozwa kidogo.

Mwonyeshe chupa yule aliyeagiza, karatasi ikimwelekea, ukitaja jina na mwaka. Kata kifuniko chembamba chini ya mdomo wa chupa, futa, ingiza kizibuo katikati ya kizibo, uvute polepole pasipo kelele. Mmiminie kidogo aliyeagiza, aonje. Akiridhika, waandalie wengine kwa upande wao wa kuume, yeye awe wa mwisho. Usijaze bilauri, chupa ya robo tatu ya lita hutosha bilauri tano za mililita 150. Na chupa ya divai yenye povu uishike kwa hadhari, kwani nguvu ya hewa iliyomo hupita ile ya mpira wa motokaa. Kidole gumba kisiondoke juu ya kizibo, na mdomo wa chupa usielekee uso wa mtu. Inamisha chupa, uizungushe chupa yenyewe, kizibo ukikishika imara.

Sasa tufikiri habari za lile tone la kuonja. Mgeni asiyejua divai huweza kuletewa chupa iliyonuka kuvu, akanywa kimya akidhani ndivyo ilivyo, akalipa. Mwenye hoteli hapati hasara, na hakuna atakayejua ila mtunza divai. Hapo ndipo uaminifu wake hupimwa. Yampasa aseme, Bwana, chupa hii ni mbovu, nitakuletea nyingine. Elimu yote tuliyoitaja ni ya kumwezesha kusema neno hilo moja kwa hakika.

Wala kazi hii haina kabila. Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Marlvin Gwese na Pardon Taguzu walitoka Zimbabwe wakati wa dhiki, wakaenda Afrika ya Kusini kutafuta riziki. Divai haikuwa kinywaji cha kwao, lakini walijifunza hata wakawa watunza divai. Mwaka 2017 walikwenda Ufaransa kuiwakilisha Zimbabwe katika mashindano ya kuonja divai pasipo kuona jina la chupa. Walikuwa karibu na mkia; lakini mwaka 2018 Zimbabwe ilirudi, ikapanda hata nafasi ya 14.

Wazee wetu walinena, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyo aliijua kazi yake, na sifa ndiyo iliyomharibu. Basi kijana atakaye kazi hii ajifunze majina na miaka, aizoeze pua yake, lakini zaidi ya yote amwandalie mgeni asiyejua kitu kama vile amwandaliavyo yule ajuaye.