Mtumbwi, Mawimbi na Maji ya Ndani

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumzia mitumbwi midogo ya Ziwa Tanganyika. Dada, kwa nini mmoja hutulia na mwingine hupinduka?

MTANGAZAJI 2: Kaka, tazama umbo la chini. Mtumbwi wa gogo, mwembamba na wa mviringo chini, hukata maji upesi lakini huyumba. Wa mbao wenye chini bapa hutulia maji yakiwa shwari. Wimbi likija ubavuni, huinama pamoja nalo. Kiangazi upepo wa kusini huleta mawimbi makubwa.

MTANGAZAJI 1: Na maji yanayoingia ndani?

MTANGAZAJI 2: Hayo ni hatari zaidi. Lita moja ina kilo moja. Madumu matano ya lita 20 ni kilo 100. Tena mtumbwi ukiinama, maji yote hukimbilia upande uleule na kuuvuta chini.

MTANGAZAJI 1: Tufanye nini?

MTANGAZAJI 2: Yachoteni mapema, myamwage nje. Kaeni chini, msisimame. Elekezeni mbele ya mtumbwi kwenye wimbi. Ukingo ukikaribia maji kabla hamjaondoka, punguzeni mizigo au watu. Kushuka ufukweni si woga.