Utafutaji wa Ruwaza Zinazovuka Mistari katika Matini Zilizonukuliwa: Mfano wa Masimulizi ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mtafiti anayenukuu masimulizi ya mdomo kutoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, huweza kuyachunguza kwa programu za dirisha la amri. Mojawapo ni grep, iliyobuniwa na Ken Thompson katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu hiyo husoma faili mstari mmoja mmoja: hulinganisha mstari na ruwaza inayotafutwa, kisha huuacha na kuendelea na unaofuata.

Utaratibu huo una udhaifu. Jina Mbamba Bay, bandari iliyo katika ziwa hilo, lina maneno mawili. Iwapo neno la kwanza litaangukia mwisho wa mstari na la pili mwanzo wa unaofuata, amri grep 'Mbamba Bay' hailioni jina hilo, wala haitoi onyo. Mtafiti huweza kuhitimisha kwamba msimulizi hakuitaja bandari hiyo, ilhali aliitaja.

Katika grep ya GNU, udhaifu huu hutatuliwa kwa amri ifuatayo:

grep -Pzo 'Mbamba\s+Bay' masimulizi.txt

Chaguo -z hufanya kikomo kiwe alama NUL badala ya mwisho wa mstari. Kwa kuwa matini ya kawaida haina alama hiyo, faili zima husomwa kama mstari mmoja. Chaguo -P huruhusu \s+, yaani nafasi yoyote, ukiwamo mwisho wa mstari. -o hutoa sehemu iliyolingana tu. Kwa sababu hiyohiyo, chaguo -c halifai kuhesabia, kwani haliwezi kuzidi moja kwa faili. Idadi sahihi hupatikana kwa kuhesabu alama NUL inayofuata kila tokeo, kwa kuongeza:

| tr -cd '\0' | wc -c

Pale ambapo dhana mbili zinatafutwa ndani ya aya moja, kwa mfano kilimo cha ngoro cha Wamatengo na zao la kahawa, awk hufaa zaidi:

awk -v RS= '/ngoro/ && /kahawa/' masimulizi.txt

Hapa RS tupu hufanya aya zilizotenganishwa kwa mstari mtupu ziwe vipashio vya utafutaji.

Hivyo basi, sura ya mbinu za utafiti haina budi kuonesha amri kamili iliyotumika. Bila hiyo, mtahini hawezi kubaini iwapo sifuri iliyoripotiwa ni ya msimulizi au ya programu.